Ubishi wa hambaga na fomu isiyolipika

Haya niliyaongea jioni moja hapa Kijitonyama mbele ya madizaina na madevelopa wa tovuti, wengi vijana, wachache wa siku nyingi. Waliokosa kufika wameniomba niandike, basi nimeandika kama nilivyoongea, nimepunguza salamu tu.

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi, wadogo zangu mambo vipi.

Leo nataka tuongelee ubishi wetu. Menyu ifichwe au iachwe nje, karuseli, yale mapicha yanayojizungusha juu ya ukurasa, iwekwe au isiwekwe, ukurasa uteremke tu bila mwisho au ukatwe vipande vipande, linki ifungue dirisha jipya au ibaki humo humo, dakimodi, ile sura ya giza, iwepo au isiwepo. Hakuna mtu humu ambaye hajakaa kwenye kikao cha hivyo, mnaanza saa nne asubuhi, chai inaletwa inapoa, saa saba mchana watu bado wanavutana kuhusu ile mistari mitatu ya hambaga, alama unayoigusa ndo menyu iliyofichwa ifunguke, na fomu ya malipo ambayo ndo mteja katolea hela yake hakuna hata mmoja aliyeifungua. Mwezi unaofuata mradi mwingine, watu wale wale, ubishi ule ule, mnaanza moja. Ni kama Simba na Yanga, lete takwimu zako zote, mwenzio ataondoka na jezi aliyokuja nayo.

Mi hili linaniuma, na linaniuma zaidi kwa ajili ya hawa wadogo zetu. Kijana anaingia kwenye hii kazi, hajawahi kukaa pembeni ya mtu akamwangalia anavyohangaika na simu, lakini upande ameshachagua. Ukimuuliza hambaga anakwambia mbaya. Mbaya kwa nani? Anakuangalia tu. Amefundishwa jibu kabla hajaonyeshwa swali, na sisi wakubwa ndo tumemfundisha hivyo kwa kubishana mbele yake kila siku.

Ninachokisema mimi ni kitu kimoja. Mbinu ya intafesi, yaani kile mtu anachokiona na kukigusa kwenye skrini, haina uzuri wala ubaya mpaka umtaje mtu, utaje kazi aliyokuja kuifanya, utaje na simu aliyoshika. Ukiviacha hivyo vitatu ubishi hauwezi kuisha hata mkae mpaka kesho, kwa sababu kila mmoja kichwani kwake kuna mtu tofauti na hajamtaja. Wewe unamuwaza mfanyakazi wa benki pale Posta kwenye kompyuta yenye skrini kubwa, mwenzio anamuwaza bodaboda wa Mbagala na simu yenye kioo kilichopasuka, mnabishana wote mko sahihi na wote mmekosea.

Chukua hiyo hambaga yenyewe. Wengi wanadhani imekuja na simu janja, kumbe ile alama aliichora Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, mwaka 1981. Mistari mitatu midogo ya kuonyesha kwamba hapa ndani kuna orodha, skrini ilikuwa na pikseli chache sana, hakuwa na nafasi ya kuchora kingine. Simu zilipokuja shida ya nafasi ikarudi, na alama ikarudi nayo. Sasa 2016 watafiti wa Nielsen Norman Group, kampuni inayochunguza watu wanavyotumia tovuti, wakaipima, wakakuta menyu ikifichwa watu wanaitumia mara chache na wanachelewa kuifikia, na kwenye kompyuta hali ni mbaya kuliko kwenye simu. Ushahidi upo basi, miaka yote hiyo upo, na ubishi haujaisha. Kwa nini? Kwa sababu ushahidi unasema kuficha kuna gharama, hausemi gharama hiyo wewe unaweza kuilipa au huwezi. Kama programu yako ina mambo manne, weka yote manne chini pale kidole gumba kinapofika, hakuna cha kujadili. Kama ni tovuti ya taasisi yenye huduma thelathini na kitu, huwezi kuzianika zote juu ya skrini ya inchi tano, utaficha nyingi, utaacha nje zile mbili tatu ambazo watu wanazifuata kila siku, utaweka na sehemu ya kutafuta. Dakika kumi mmemaliza, ilimradi mjue hizo mbili tatu ni zipi. Na kuzijua ndo kazi yenyewe, ndo tunayoikimbia kwa kubishana kuhusu alama.

Au ule usemi kwamba watu hawateremshi ukurasa, kila kitu lazima kikae juu. Huu umetoka kwenye magazeti, gazeti likikunjwa kinachoonekana mezani ni nusu ya juu. Jakob Nielsen mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, katikati ya miaka ya 1990 alikuwa anasisitiza kwamba watumiaji wengi hawateremshi, na kwa wakati ule ilikuwa kweli, intaneti ilikuwa ngeni kwa watu. Ilipofika 1997 akasema hadharani hali imebadilika, watu wamezoea. Miaka michache tu! Lakini huku kwetu bado kuna mteja anakwambia weka vyote juu, na bado kuna dizaina anamjibu hakuna tena mambo ya juu na chini. Wote wawili takwimu zinawapa silaha. Hao hao Nielsen Norman Group walipima muda ambao watu wanaangalia sehemu ya juu ya ukurasa, 2010 ilikuwa asilimia 80, 2018 ikashuka mpaka asilimia 57. Anayetaka kusema juu ndo muhimu atashika hiyo 57, bado ni zaidi ya nusu. Anayetaka kusema watu wanateremka atashika hiyo tofauti. Namba moja, pande mbili. Mi nikiulizwa nauliza kwanza, mtu wako amekuja kusoma au amekuja kulipa?

Kuna na ile sheria ya klik tatu, kwamba mtu asipofika anapotaka kwa klik tatu anaondoka. Joshua Porter aliipima 2003, akakuta watu hawaondoki kwa sababu ya idadi ya klik. Mpaka leo naisikia vikaoni. Sipotezi muda hapo.

Ila nisiwavunje moyo, kuna ubishi mkubwa wa kazi yetu uliwahi kuisha, na inafaa tuangalie uliishaje. Wa zamani mnakumbuka kupanga ukurasa kwa majedwali, jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali, picha ya pikseli moja isiyoonekana ya kusukumia nafasi. CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, ya kwanza ilitoka Desemba 1996, lakini brauza zilikuwa zinaisoma kila moja kivyake, kwahiyo watu wa majedwali walikuwa na hoja, tena ya maana. Walibishana miaka. Halafu 2003 Dave Shea akaweka CSS Zen Garden, ukurasa mmoja, HTML, yaani maandishi na muundo wake, ile ile isiyoguswa, na madizaina kutoka kila kona ya dunia wanaubadilisha sura kwa CSS peke yake. Ukiangalia huu na ule huamini ni ukurasa mmoja. Baada ya hapo aliyesema CSS haiwezi kutengeneza kitu kizuri alibaki bila la kusema, kazi ilikuwa mbele ya macho yake. Na Flash je, ile programu ya kuonyesha katuni na video ndani ya tovuti? Watu walitukanana kuhusu Flash tangu mwisho wa miaka ya 1990, na matusi yote hayo hayakuiondoa, ilianza kuondoka pale iPhone ilipokataa kuibeba, Steve Jobs wa Apple akaandika barua yake ya kuikataa Aprili 2010, na Adobe wenyewe wakaifunga rasmi 31 Desemba 2020. Mmoja uliishia kwenye kitu kilichotengenezwa kikaonekana, mwingine uliishia kwenye simu ambayo watu walikuwa nayo mkononi. Sijui hata ubishi mmoja wa kazi yetu ulioishia kwenye kikao kwa sababu fulani aliongea kwa sauti kubwa.

Sasa karuseli, hii nataka nikae nayo kidogo kwa sababu humu ndani ndo tunadanganyana sana. Ushahidi wake uko wazi. 2013 Erik Runyon alitoa takwimu za tovuti ya Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani, waliobonyeza ile karuseli walikuwa karibu asilimia 1 tu ya waliotembelea, na wengi wa hao walibonyeza picha ya kwanza, zile za nyuma yake hazina mtu. Kila dizaina anazijua habari hizi. Basi mbona karuseli bado zipo kila mahali hapa mjini? Kwa sababu karuseli haijawekwa kwa ajili ya mtumiaji, imewekwa ili ofisini kuwe na amani. Masoko wanataka promosheni yao iwe mbele, mkurugenzi anataka picha ya uzinduzi, rasilimali watu wanataka tangazo la ajira, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia mwenzie subiri. Dizaina anaweka picha tano zinazozunguka, kila idara inapata zamu yake, watu wanapeana mikono. Ukija pale na asilimia zako za Notre Dame unajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kinachosaidia ni kushuka chini mapokezi. Muulize yule dada au yule kaka anayepokea simu, watu wakipiga wanauliza nini? Atakutajia bila hata kufikiri, wanauliza mpo wapi, mnafungua saa ngapi, Jumamosi mnafanya kazi, bei gani, nimelipa mbona sijaona. Andika, rudi juu, weka mezani mbele ya wakubwa, waambie hivi ndo vitu ambavyo watu wanalazimika kupiga simu kwa sababu tovuti yetu haiwaambii. Hapo mkurugenzi habishani na wewe, anajadiliana na wateja wake. Nimeona karuseli ikiondoka kwa njia hii bila mtu kupandisha sauti.

Na hili la kuteremka bila mwisho, Aza Raskin alilibuni 2006 na baadaye amelijutia hadharani, lakini tuache ya dunia tuje Kariakoo. Duka linauza vitu mtandaoni, ukurasa hauna mwisho, bidhaa zinazidi kuja tu, na namba ya simu na maelekezo ya duka dizaina kayaweka chini kabisa ya ukurasa. Chini ambako hakufikiki! Mteja wa Dar kabla hajatoa hela anataka kupiga simu, anataka asikie sauti ya mtu, anataka aambiwe ni mtaa wa Aggrey au Msimbazi au Likoma, ghorofa ya ngapi. Anateremka, anakaribia kuiona ile namba, bidhaa nyingine ishirini zinashuka, namba inakimbia, na bando linakwenda. Hapo ubishi wa mwisho na bila mwisho hauna kazi, kinachotakiwa ni namba ya simu ikae juu.

Nije kwenye jambo ambalo ningetaka lichukue nafasi ya ubishi wote huo. Nilikaa na mama mmoja mwenye genge, anataka kulipia huduma fulani kwenye tovuti fulani, sitaitaja. Simu yake ndogo, RAM ya giga 1, zile simu ambazo Google walizitengenezea Android Go, Android nyepesi, mwaka 2017. Anafungua ukurasa, kuna kisanduku, ndani yake kumeandikwa kwa rangi ya kijivu ingiza namba ya malipo. Akigusa tu, yale maandishi yanapotea, kibodi inayokuja ni ya herufi. Anatafuta namba ziko wapi, anazipata. Sasa ile kontro namba ni tarakimu 12 na iko kwenye meseji, anatoka kwenye brauza anaenda kwenye meseji, anasoma, anajaribu kuikariri nusu, anarudi. Akirudi ukurasa umejifungua upya kuanzia mwanzo, kwa sababu simu haina nafasi ya kushika vitu viwili kwa pamoja, brauza imetupwa nje. Jina alilojaza halipo, namba ya simu haipo. Anaanza tena. Safari hii ananakili ile namba kwenye meseji, inakuja na nafasi katikati, fomu inamjibu kwa rangi nyekundu kwamba namba si sahihi. Kamuangalia mwanae, kaizima simu, kamtuma mtu akalipe kwa wakala.

Jamani, hapo kulikuwa na hambaga pembeni na karuseli juu, hakuigusa hata moja, hakujua kama zipo. Vilivyomshinda ni vitu ambavyo havina pande mbili. Lebo ya kisanduku ikae nje juu yake isipotee. Kwenye kodi ya kisanduku sifa ya inputmode iwekwe numeric, kibodi ya namba ije yenyewe. Alichokijaza kihifadhiwe kwenye brauza kila anapoandika, ukurasa ukifunguka upya akikute. Nafasi kwenye namba programu izifute yenyewe, mtu asilaumiwe kwa nafasi. Ni kazi ya mchana mmoja. Hakuna mtu atakayebishana nawe, na nadhani ndo maana hatuviongelei, havina utamu wa ubishi.

Vivyo hivyo na rangi. Nimesikia watu wazima wakibishana kuhusu kijivu juu ya nyeupe, huyu anasema kinapendeza yule anasema hakisomeki, kama vile ni suala la mtu anavyopenda. Si suala la kupenda. Mwongozo wa WCAG 2.0, ule wa kimataifa wa tovuti kufikiwa na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, tangu Desemba 2008 unasema maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya 4.5 kwa 1 na usuli wake, makubwa 3 kwa 1, kuna vipimo vya bure, unapima sekunde mbili unapata jibu. Toka nje saa nane mchana kituo cha mwendokasi pale Manzese, shika simu yenye mwanga mdogo kwa sababu chaji imebaki kidogo, soma hicho kijivu chako. Na asiyeona kabisa, anayetumia TalkBack, programu ya Android inayomsomea skrini kwa sauti, kitufe ambacho hujakipa jina kinatajwa kitufe tu, cha kutuma au cha kufuta hajui. Huyo ni raia kama wewe na analipa kodi. Mambo haya yakiingizwa kwenye orodha ya ladha za watu kila mtu anajiona ana haki ya maoni, na mwenye shida anabaki na shida.

Kwahiyo ofisini kwetu ubishi ukianza tunafanya hivi. Anayeanzisha anatakiwa amtaje mtu, sio mtumiaji tu hewani, mtu, muuza vitenge, mwanafunzi wa chuo, afisa wa bandari. Aseme anataka kumaliza nini na ameshika simu gani. Asipoweza kutaja kikao kinasogea mbele, bila kununiana. Akitaja na bado hatukubaliani tunachora zote mbili na kuzipeleka kwa watu. Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha matatizo mengi ya intafesi, na watano Kariakoo ni asubuhi moja. Usiwaulize wanapenda ipi, mtu wa Dar ana adabu atakwambia zote nzuri. Mpe kazi, mwambie tafuta bei ya hiki, lipia kile, halafu unyamaze. Kunyamaza ndo kugumu, nawaambia, mkono unakuwasha umwonyeshe.

Tukiamua tunaandika karatasi moja, tumeamua hiki, kwa ajili ya mtu huyu, kwa sababu tuliona hivi, tutabadilisha tukiona vile. Mtu akilirudisha mezani baada ya miezi miwili anapewa karatasi. Akiwa na jipya alete, tena kwa furaha. Akiwa hana, tunaendelea na kazi.

Maswali yalikuwa mengi, nitaandika matatu.

Dada mmoja aliuliza dakimodi, tuweke au tusiweke. iOS na Android zote toka 2019 mtu anachagua kwenye simu yenyewe, na prefers-color-scheme ndani ya CSS inakusomea alichochagua. Mfuate yeye, alishajibu. Ila pima tofauti ya rangi kwenye sura zote mbili, watu wengi wanapima ya mchana wanasahau ya giza.

Kaka mwingine, na bosi akilazimisha karuseli hata baada ya hayo ya mapokezi? Weka, lakini isijizungushe yenyewe, iwe na vitufe vya kwenda mbele na nyuma vinavyoonekana, na kilicho muhimu kabisa kisikae ndani yake. Halafu hesabu mibonyezo mwezi mzima umpelekee, za tovuti yake mwenyewe, sio za Notre Dame.

Wa mwisho aliuliza mteja asiyetaka kulipia muda wa kwenda kukaa na watu. Hili ni la kweli, wateja wetu wengi hela ni ndogo. Usiliandike kwenye bei kama utafiti, litakatwa la kwanza. Liingize ndani ya kazi ya fomu, fomu kutengenezwa na kujaribiwa na watu watano, bei moja. Nauli, soda za watu na bando lao la kufungulia tovuti unaweka humo humo. Na mteja mwenyewe mbebe, akae kwenye benchi pale nyuma ya mlipaji, aone mtu anavyoshindwa kumpa yeye hela.